Kusikiliza mahubiri mpaka amina: kusoma Jumamosi, daftari, simu, au mtu wa kumsimulia?

Katika usharika wetu hapa Iringa mjini mahubiri huchukua dakika 30, na akija mhubiri mgeni huweza kufika 50. Kwa miaka mingi nilikuwa nayasikia ya mwanzo, somo linaposomwa na watu wanapoketi, kisha nayasikia ya mwisho, mchungaji anaposema "tuombe". Hapo katikati sikuwapo. Mwili ulikuwa kwenye benchi, kitenge mabegani, lakini mwenyewe nilikuwa nimeshafika Kilolo kuangalia mahindi, nimerudi sokoni, nimepiga hesabu ya ada, nimegombana na mtu na kupatana naye. Nikitoka nje na kuulizwa habari za ibada nilijibu "tumebarikiwa", wala nisingeweza kusema nimebarikiwa kwa neno lipi.

Jambo hilo liliniuma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naijua sana sura ya mtoto anayekukazia macho na huku hayupo darasani. Nikaona kwamba kila Jumapili mtoto huyo ni mimi. Nimezaliwa Tukuyu katika nyumba ya Wamoravian, nikaolewa Iringa kwa Walutheri, dada yangu yuko Mafinga kwa Wakatoliki, na jirani yangu Mpentekoste hunialika kwao kila wanapokuwa na semina. Kote huko nimekaa nikasikiliza, na kote huko nimepotea katikati. Kwa miaka kama sita sasa nimejaribu njia nne, moja moja na kwa kuzichanganya. Naziweka hapa pamoja ili nawe uchague, nikisema mapema kwamba hazilingani. Moja inaziacha nyingine mbali, na ndiyo ambayo watu hawaifikirii.

Wewe ni Eutiko au ni Martha?

Usichague njia kabla hujajua unasumbuliwa na nini, maana kuna matatizo mawili yanayofanana kwa nje.

La kwanza ni la Eutiko. Habari zake ziko Matendo 20: kijana ameketi dirishani orofa ya tatu kule Troa, chumba kimejaa watu, taa zinawaka nyingi, na Paulo ameendelea kunena hata usiku wa manane. Akazidiwa na usingizi, akaanguka. Luka anataja zile taa, nami husoma hapo nikifikiria joto na hewa iliyochoka ya chumba kilichojaa. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba hakuna anayemkemea Eutiko. Paulo anashuka, anamkumbatia, kijana anarudi akiwa hai, kisha mazungumzo yanaendelea mpaka alfajiri.

La pili ni la Martha, Luka 10. Yeye yuko macho kabisa, mwenye nguvu, mchapakazi, na Bwana yuko sebuleni kwake akifundisha. Asichonacho ni masikio, kwa sababu kichwa kimejaa utumishi mwingi.

Eutiko anahitaji kutengenezewa mwili: usingizi, chakula, hewa, mahali pa kukaa. Umpe daftari, atasinzia juu ya daftari. Martha anahitaji kitu cha kuyashika mawazo yasikimbie; ukimwambia alale mapema, atalala vizuri na kesho yake atatangatanga akiwa na nguvu zaidi. Mimi ni Martha. Mume wangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiendesha malori usiku kwenda Tunduma, ni Eutiko. Tulipoteza muda mrefu tukipeana ushauri usiomfaa mwenzake.

Ukiwa Eutiko: ibada ya kwanza au ya pili?

Sehemu hii nitaipitia haraka, maana mengi ni ya kawaida.

Ibada ya kwanza, ile ya saa moja asubuhi, ina faida moja kubwa: mhubiri anajua kuna watu wa ibada ya pili watakaosubiri nje, kwa hiyo hawezi kurefusha. Kichwa nacho bado ni kipya. Ubaya wake kwetu huku ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba, Njombe ambako ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hata hapa Iringa upepo ukivuma, mtu huingia kanisani amejifunga sweta, koti na kikoi, akibanana na wenzake kwenye benchi. Dakika kumi za joto hilo zinatosha kumlaza. Dawa yake ni kuvua koti moja mahubiri yanapoanza. Acha mwili uwe na baridi kidogo.

Ibada ya pili ina kwaya nyingi, wageni, matangazo marefu, na siku za mavuno kuna mnada wa mahindi, viazi na kuku. Mahubiri yanaweza kuanza saa tano, bati limeshapata jua, tumbo limeshaanza kudai. Kule kwetu Rungwe, ambako mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, kuna jambo jingine: mvua ikishuka juu ya bati, hata kipaza sauti kinazidiwa, na atakayesikia ni aliyekaa mbele akiiona midomo ya mhubiri.

Kwa hiyo Eutiko aende ya kwanza na akae benchi la pili au la tatu, mbele ya uso wa mhubiri, mbali na ukuta wa kuegemea. Asifuate spika kubwa pembeni akidhani ndiko atakakosikia vizuri, kwani katika makanisa yetu mengi yenye mwangwi sauti ya spika huvuruga maneno. Ila kama umetoka lindo, zamu ya wodi au safari ya usiku, lala kwanza uende ya pili. Mume wangu alipofanya hivyo, nusu ya tatizo lake liliisha. Kunywa chai pia, usijaribu kusikiliza kwa njaa. Mkatoliki anayepokea Komunyo hutakiwa kufunga saa moja kabla ya kuipokea, lakini maji na dawa vinaruhusiwa.

Na neno moja ninalilisema kwa uzito. Mtu anayesinzia kanisani, kazini, kwenye daladala na mbele ya wageni, aende akapimwe damu na sukari. Akague pia dawa anazokunywa, maana za mafua na aleji kama Piriton husinzisha. Tumewahi kumnong'ona mama mmoja kwamba amepoa kiroho, kumbe alikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Mpaka leo tunajutia maneno yale.

Kuanzia hapa nazungumza na akina Martha.

Kusoma Jumamosi

Njia ya kwanza ni kulisoma somo jioni ya Jumamosi, kabla ya kulisikia. Haikugharimu shilingi, inachukua dakika kumi, na matokeo yake huonekana Jumapili ileile ya kwanza.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Somo likiwa geni, akili inatumia nguvu zote kufuata nani alikwenda wapi, na mchungaji anapofika kwenye maana umeshachoka. Ukilijua tayari, unakaa ukingoja: atasema nini juu ya yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu? Kwa nini mwana yule alipewa pete? Kungoja huko ndiko kusikiliza kwenyewe. Mimi huandika swali moja tu kwenye kipande cha karatasi na kukiweka ndani ya Biblia. Mchungaji asipolijibu, nalijua swali langu na natoka nalo, na hiyo pia ni faida.

Hapa makanisa yetu hayafanani, na hili linapaswa kuongoza uchaguzi wako. Katika Kanisa Katoliki masomo ya Jumapili yamepangwa kwa mzunguko wa miaka mitatu: mwaka A ni wa Mathayo, B wa Marko, C wa Luka, Yohana akiingia zaidi wakati wa Pasaka, na mwaka mpya huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio. Dada yangu wa Mafinga anaweza kujua leo Injili itakayosomwa miezi mitatu ijayo. Sisi Walutheri wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, tuna kalenda yenye masomo ya kila Jumapili, nayo inaning'inia ukutani katika nyumba nyingi ikitumika kuangalia tarehe tu. Wamoravian wana hazina yao: Maneno ya Kila Siku, ambayo yamekuwa yakichapishwa kila mwaka tangu 1731. Mstari wa Agano la Kale huchaguliwa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, kisha unatafutiwa wa Agano Jipya unaoendana nao. Baba yangu aliyasoma kila asubuhi kabla ya uji. Leo nadhani ndiyo sababu hakuwahi kuonekana mgeni wa Neno, hata mhubiri awe nani.

Kwa jirani yangu Mpentekoste njia hii ni ngumu zaidi, kwani mchungaji wao huchagua mwenyewe neno la kuhubiri na mara nyingi hakuna anayelijua kabla. Lakini wakiwa na mfululizo wa mafundisho, yeye hurudia Jumamosi aliyoandika wiki iliyopita. Nimeona inamsaidia karibu sawa na mimi.

Udhaifu wa njia hii ni Jumamosi yenyewe. Jumamosi ni siku ya kufua, kusuka watoto, kwenda shamba, msiba, sherehe. Kati ya Jumamosi nne mimi nafanikiwa mbili. Hilo ndilo linaloifanya iwe ya pili katika orodha yangu na si ya kwanza.

Daftari, au mikono mitupu?

Nilipoanza kuandika kanisani niliandika kama mwanafunzi wa kidato cha nne. Kila mstari, kila andiko, kila mfano. Daftari langu la kwanza lilijaa kwa miezi miwili. Siku moja nikalifungua kutafuta neno moja juu ya msamaha, nikakuta kurasa nzima za mwandiko wangu ambazo sikukumbuka hata kidogo. Mkono ulikuwa kanisani na mimi bado nilikuwa Kilolo.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walilinganisha wanafunzi walioandika kwa mkono na walioandika kwa kompyuta. Wa kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, wengi wakinakili neno kwa neno, na maswali ya kuelewa yakawashinda zaidi. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata majibu yaleyale kila mara, kwa hiyo silitumii kama rungu. Lakini lile la kunakili bila kufikiri nimeliona kwangu na kwa watoto ninaowafundisha: anayenakili kila kitu ubaoni siye anayeelewa.

Sasa naandika mistari mitatu tu. Wa kwanza ni jambo moja mhubiri analotaka tulishike, kwa maneno yangu na si yake. Wa pili ni andiko alilolisimamia. Wa tatu ni jina la mtu au kazi inayonihusu wiki hiyo, maana Yakobo anatutaka tuwe watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu. Mstari wa kwanza siuandiki mpaka mahubiri yafike katikati, kwa kuwa mapema sana huwa sijajua anaelekea wapi. Ikiwa kuna mkalimani, kama kwenye semina za jirani yangu, nafasi anapotafsiri ndiyo ya kuandika.

Upande wa pili una watetezi, na nisingependa kuwadharau. Mzee mmoja wa kanisa aliniona nikiandika, akaningojea nje. Akasema, "Mwalimu, shikamoo yako nimeipokea, sasa nikuulize. Baba yako akikuita akuonye jambo, unachukua peni?" Nikamwambia, "Hapana, mzee wangu." Akasema, "Unafanyaje?" Nikasema, "Namtazama." Akatikisa kichwa, akaondoka.

Nimelibeba swali lile muda mrefu. Ni kweli kuna mahubiri ya kufundisha na mahubiri ya kuonya. Mhubiri anapoeleza historia ya hekalu au anapopanga hoja ya Paulo kwa Warumi, peni inasaidia. Anapogeuka na kusema na dhamiri yako, weka peni chini umtazame. Na wazee wetu wengi, waliokua wakisimuliwa mambo jioni motoni, wana masikio tusiyokuwa nayo sisi. Wao daftari litawapunguzia tu. Kwa hiyo kama kusikiliza bila kuandika hakujawahi kukushinda, usianze kuandika kwa sababu vijana wanaandika.

Watoto wana daftari lao la aina nyingine. Mwanangu wa miaka minane huchora. Zamani nilikuwa nikimnyang'anya karatasi nikiona aibu mbele ya watu. Kisha nikasoma juu ya jaribio la Jackie Andrade wa Uingereza, la mwaka 2009. Watu 40 walisikilizishwa ujumbe wa simu unaochosha, wa kama dakika mbili na nusu; nusu yao walipewa maumbo ya kutia rangi wakisikiliza. Waliotia rangi walikumbuka mambo kwa asilimia 29 zaidi. Ujumbe wa simu si Injili, najua. Lakini siku hizi namwachia karatasi na kumwambia achore anachokisikia, na mara mbili picha yake imenikumbusha mfano uliokuwa umenipita mimi.

Simu

Hapa nina msimamo. Kwa Martha, simu ni mlango ulioachwa wazi.

Faida zake nazikubali. Biblia iliyopakuliwa inasomeka bila bando, unaweza kulinganisha Union Version na Habari Njema papo hapo, na mwenye macho dhaifu anakuza herufi. Mama wa jirani yetu mwenye mtoto wa jicho alikuwa ameacha kufuata masomo kabisa mpaka mjukuu alipomwekea Biblia kwenye simu yenye kioo kikubwa. Kwa mtu kama huyo simu inashinda karatasi, bila ubishi.

Lakini wewe unayeona vizuri, jiulize kwa ukweli: mara ya mwisho ulipofungua simu kutafuta Habakuki, ulirudi kutoka huko baada ya dakika ngapi? Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, kikundi cha familia kikiwaka, picha za harusi ya jana zikishuka, hakuna Habakuki tena. Ukilazimika kuitumia, iweke kwenye hali ya ndege kabla ya kuvuka mlango, si baada ya kuketi.

Kurekodi ni jambo jingine, na watu huniuliza sana. Nilirekodi kwa miezi mitatu. Nikishajua kwamba simu inasikiliza, mimi nilipumzika. Na zile rekodi, kati ya kumi na mbili nilizisikiliza mbili. Kurekodi kunamfaa mama mwenye mtoto mchanga ambaye lazima atoke nje mtoto akilia, na kunamfaa mgonjwa aliyebaki nyumbani. Omba ruhusa kwa mhubiri kwanza, kwani mengine husemwa kwa watu wa kanisa lile tu.

Mtu wa kumsimulia

Njia hii sikuichagua, nililetewa.

Mama mkwe wangu alivunjika nyonga akaletwa kwetu Kihesa kukaa. Kwa maisha yake yote hakuwahi kukosa ibada isipokuwa kwa uzazi. Jumapili ya kwanza niliporudi kanisani nilimkuta ameketi kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa kichwani, Biblia mapajani. Sijaweka hata pochi chini, akauliza, "Haya mwanangu, mchungaji kasemaje leo?"

Nikasema, "Amehubiri vizuri sana, mama. Juu ya upendo."

"Amesemaje juu ya upendo?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mawili matatu ya jumla, akanitazama kwa upole, akasema, "Asante, mwanangu," akafungua Biblia yake asome mwenyewe. Hakunilaumu. Ule upole ndio ulionifuata wiki nzima.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la tatu nikiwa na hofu ya mtihani. Nikajikuta nasikiliza kwa namna ambayo sijawahi. Mchungaji akitoa mfano, nilikuwa nikijiambia: huu mama ataupenda. Akitaja andiko, nililikariri, maana angeniuliza ni sura ya ngapi. Mahindi ya Kilolo hayakunijia hata mara moja. Nilifika nyumbani nikamsimulia robo saa nzima, akiniuliza na kunirudisha nyuma, "Subiri, kwa nini alisema hivyo?" Mahali nilipokwama tulifungua Biblia tukaangalia pamoja.

Hilo limeendelea miaka minne. Nimewahi kukosa Jumamosi, nimewahi kusahau daftari, simu imewahi kuzimika chaji, lakini mtu anayekungoja nyumbani hakwepeki.

Kwamba kusimulia kunashikiza zaidi kuliko kusikiliza upya, kumepimwa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa St. Louis kule Marekani, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine walizisoma tena. Wengine walifunga kitabu wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano tu, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka wakawaacha wenzao mbali. Hii ndiyo tofauti ya rekodi na mama mkwe. Rekodi inakurudishia maneno tayari. Mama mkwe anakutaka uyatafute mwenyewe.

Tena ni njia ya Maandiko. Katika Nehemia 8 Ezra alisoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, watu wote wakiwa wamesimama, na Walawi walikuwa katikati yao wakiwaeleza maana mpaka wakafahamu. Neno lilipita kutoka kinywa hadi kinywa. Ule usomaji wa nusu siku haukubebwa na Ezra peke yake.

Ina hatari moja, nami niliiangukia. Kusimulia kunaweza kugeuka kumchambua mhubiri: leo alirudia sana, leo sauti ilikuwa chini, yule wa wiki jana alikuwa bora. Mama mkwe alinikata siku hiyo. "Mwanangu, sikukuuliza habari zake. Nimekuuliza Neno." Tangu hapo nina sheria: la mhubiri linabaki kanisani, naleta nyumbani lile la somo.

Nasema hivi nikijua kwamba kuna mahubiri marefu kuliko inavyohitajika. Papa Fransisko, mwezi wa sita mwaka 2024, aliwaambia mapadri kwamba mahubiri yasizidi dakika nane, kwa kuwa baada ya hapo watu husinzia, tena wana haki. Dada yangu alinitumia habari hiyo siku ileile kwa furaha. Mimi sidhani nane zinatosha kwa Walutheri wa Iringa, lakini ninawaomba wachungaji wetu walisikie. Msikilizaji ana wajibu, na anayesema naye anao.

Wewe uchukue ipi?

Kama una nafasi ya kuchukua moja tu, chukua mtu wa kumsimulia. Ukiweza mbili, ongeza kusoma Jumamosi. Hizo mbili zinashikana, kwani swali la Jumamosi ndilo unalolipeleka na jibu la Jumapili ndilo unalolirudisha. Daftari la mistari mitatu liwe la tatu, na liwe la lazima kwa anayekwenda kuongoza jumuiya katikati ya wiki. Simu iwe ya wenye macho dhaifu na ya mama anayenyonyesha.

Mwanakwaya ana shida yake ya pekee. Anakaa pembeni au nyuma ya mhubiri, ameshaimba mara mbili, na kichwa kiko kwenye wimbo unaofuata. Kwake kusoma Jumamosi kunamfaa kuliko yote, hata kwa dakika tano mwishoni mwa mazoezi, kwaya nzima pamoja. Kijana wa chuo anayeishi geto peke yake Uyole au Mkwawa huniambia hana wa kumsimulia. Ana mama kijijini. Ampigie simu Jumapili jioni, amwambie mambo matatu, kisha aulize na kwao kulihubiriwa nini. Wazazi wengi wangelipokea hilo kuliko hela ya vocha.

Na kama huna mama mkwe, wala mzazi, wala mwenza anayebaki nyumbani, nenda kwa mzee wa kanisa wa mtaa wenu umwombe jina la mgonjwa mmoja asiyeweza tena kufika ibadani. Kila mtaa unao watu hao: mwenye kiharusi, mwenye miguu iliyochoka, bibi asiyeona aliye peke yake mchana kutwa. Usijisumbue na zawadi. Nenda baada ya ibada, kabla ya chakula, maneno yakiwa bado ya moto. Piga hodi, msalimie kwa heshima, umwambie umetoka kanisani. Hutahitaji kujieleza zaidi ya hapo. Atakuuliza mwenyewe, kabla hujakaa.